Mtu Aliyembeba Baba Mkwe Wangu Hadi Ziwani

Opak Ruoth! Nimeanza kwa lugha ya nyumbani kwa sababu furaha niliyo nayo leo imekataa kungoja tafsiri. Asifiwe Bwana aliyetuamsha asubuhi hii akatupa na miguu ya kuja mbele zake!

Ndugu zangu, mnanijua. Mimi ni Yunia, mke wa Zablon, yule anayefanya kazi kwenye meli. Wengi wenu mmenunua dagaa kwangu, hawa omena wetu, pale sokoni, na wengine mmenipunja bei huku mnaniita dada. Nimewasamehe! Lakini wachache mnajua niliyopitia kule Uyoma miaka michache baada ya Uhuru, na mchungaji ameniomba nisimame niseme. Nikilia msishtuke. Nikicheka pia msishangae, maana katika taabu ile Mungu aliweka na kicheko ndani yake.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Kaloleni, hapa Kisumu, mimi na mume wangu na watoto wetu, Akinyi na wadogo zake. Zablon alikuwa chini kabisa melini, kwenye injini, kwenye joto na mafuta. Meli yao ilizunguka ziwa lote, Musoma, Mwanza, Bukoba, Port Bell, kisha ndiyo irudi Kisumu. Akija nyumbani analala, anakula, anaondoka tena. Mimi na omena zangu sokoni. Hatukuwa matajiri, lakini watoto walikuwa shuleni na sufuria haikulala tupu.

Baba mkwe wangu, Mzee Odera, aliishi kwake Uyoma, si mbali na Luanda Kotieno. Alikuwa mjane. Alikuwa fundi wa kuezeka nyasi, na ukipita naye njiani atakuonyesha mapaa, hili nililiezeka mimi, hili aliliezeka mtu asiyejua kazi. Mrefu, mkali, mtu wa kupenda usafi. Akija Kisumu kutusalimia hakulala kwetu, kwa sababu kwetu mzazi halali chini ya paa la mwanawe. Alilala kwa rafiki yake, asubuhi anakuja kwetu amechana nywele, shati limepigwa pasi, anaketi nje na kuitisha chai.

Basi siku moja tukaletewa habari kwamba Mzee ameokotwa kando ya zizi la ng'ombe, upande mzima wa kulia umekufa, mdomo umekwenda kando. Tukampeleka hospitali. Akakaa huko mpaka daktari akatuambia, "Hapa tumemaliza. Mpelekeni nyumbani, mumtunze."

Ndugu zangu, neno hilo ni jepesi kulisema! Mumtunze. Nani amtunze?

Kumleta Kisumu haiwezekani, nimewaambia sababu. Zablon kuacha meli haiwezekani, watoto wangekula nini? Dada zake Zablon, mmoja alikuwa ametangulia mbele ya haki, na mwingine aliolewa ng'ambo ya ziwa, upande wa Tanzania, ana wagonjwa wake mwenyewe. Nikabaki mimi. Nikafunga kibanda changu, nikabeba watoto, nikaenda Uyoma.

Kupika si kazi. Kuteka maji si kazi, nimezaliwa nayo. Shida ilikuwa ni kuoga. Nyinyi wa kwetu mnaelewa, na ninyi mliotoka kwingine nawaambia: baina ya mke wa mwana na baba mkwe kuna heshima kama ukuta. Simshiki mkono. Kitanda chake sikisogelei. Nikimpelekea chakula nakiweka mlangoni, mtu mwingine anakiingiza. Sasa huyu ni mtu asiyeweza kugeuka peke yake, asiyeweza kwenda msalani, na mtu mzima wa karibu naye pale nyumbani ni mimi ambaye siruhusiwi kumgusa!

Wapwa zake walikuja. Kwa siku za kwanza walikuja vizuri. Kisha mmoja ana shamba, mwingine ana safari, mwingine ana mgongo. Tukasema basi, tuajiri mtu. Tukapata mwanamume mmoja wa kijiji cha jirani, mpole, akafanya kazi vizuri kabisa mpaka omena walipojaa ziwani. Akafuata taa za wavuvi, hatukumwona tena. Tukapata wa pili. Huyo alipenda pombe ya chang'aa kuliko kazi, na siku moja alimwacha Mzee sakafuni tangu chai ya asubuhi mpaka jua la utosi. Wa tatu alifika mlangoni, akavuta pumzi, akageuka. Hata mfuko wake hakuutua chini!

Sasa nawaambia lile lililonivunja moyo. Ilikuwa alasiri. Watoto wako shule, na mimi niko jikoni nasikia Mzee anaguna. Nzi wamejaa mlangoni pake. Na harufu, ndugu zangu. Huyu ni yule mtu wa shati la pasi! Nikasema moyoni, heshima gani hii inayomwacha mtu hivi? Nikachukua karai la maji, sabuni, na kitambaa. Nikaenda mpaka kwenye kizingiti.

Maneno yake siku zile yalikuwa mazito, kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, lakini nilikuwa nimeshazoea kuyasikiliza.

"Ni nani?" akauliza.

"Ni mimi, Baba."

"Nyar Alego." Ndivyo alivyoniita siku zote, binti wa Alego, kwa sababu ndiko nilikozaliwa. "Una nini mkononi?"

"Maji, Baba. Niruhusu niingie. Nitafumba macho."

Akasema, "Usiingie. Mwanangu, nakuomba, usiingie."

Mzee Odera hakuwa mtu wa kuomba. Maisha yake yote aliamuru. Na siku hiyo aliniomba mimi, mke wa mwanawe, nimwache alale katika uchafu wake, maana kidogo alichobaki nacho cha utu uzima wake ni hiyo heshima. Nilisimama pale na karai langu. Kisha nikarudi jikoni, nikaketi chini, nikalia kama mtu aliyefiwa.

Niliomba. Msifikiri sikuomba! Nilifunga na kuomba Bwana ainue ule mkono na ule mguu. Hata walikuja wahubiri, watu wa Mungu wenye bidii, wakasimama nje ya nyumba yake wakaomba kwa sauti mpaka kuku wakakimbilia shambani. Walitoka jasho. Walipokwisha kwenda zao, Mzee akaniita kutoka ndani.

"Wameondoka?"

"Wameondoka, Baba."

"Basi lete uji."

Mkono ulikuwa vilevile. Mnacheka, na mimi leo nacheka, lakini siku hiyo nilikuwa na kidonda. Nikaenda nyuma ya nyumba, penye ua wa miti ya ojuok, nikamwambia Mungu wazi: "Bwana, wewe unajua kwa nini humponyi. Mimi sijui, na sitakuuliza tena. Lakini kama humponyi, mlete mtu." Hilo tu. Sala fupi kuliko zote nilizowahi kuomba.

Haukupita muda mrefu, kina mama wa kanisa letu wakaja kutoka Kisumu kunitazama. Waliniletea sukari, unga na sabuni. Alikuwako Mama Turfosa, yule anayeuza kamba na vikapu, mnamjua kwa mdomo wake. Tunakunywa chai, naye anatuchekesha kwa habari za masoko. Akasema, "Kule Pap Onditi, Nyakach, kuna msokota kamba mmoja anaitwa Shem. Mkewe alipooza miaka mingi, na yeye mwanamume mzima akawa anamwosha, anampikia, anamsuka nywele! Mpaka mke akafa. Wanaume wa soko wanamwita mke wa mkewe."

Wakaangua kicheko. Mimi nikaweka kikombe chini.

"Mama Turfosa, huyo mtu yuko hai?"

"Yuko, anasokota kamba zake. Hasemi na watu."

"Nielekeze."

Akanitazama, kicheko kikamwisha. Akaniambia mwenyewe, "Nenda. Mimi nitabaki hapa na watoto na chakula cha Mzee." Mungu ambariki mama huyo! Watu wanaona mdomo wake tu.

Nikapanda basi mpaka Kisumu, nikalala kwa jirani yetu, asubuhi nikapanda lile la kwenda Sondu. Nikashukia njiani, nikatembea katika jua la Nyakach mpaka sokoni Pap Onditi. Nikamkuta. Mwanamume wa makamo, si mkubwa wa mwili lakini mabega mapana, ameketi mwisho kabisa wa soko, mkonge umezunguka miguu yake. Nikamsalimu, nikamweleza shida yangu, na kwamba tutampa mshahara, chakula na mahali pa kulala.

Hakuinua uso. "Mama, nenda kwa amani. Nimeshazika mmoja. Sitaki tena kuzoea mtu anayeondoka."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi ya kumsihi, hata mistari ya Biblia. Yote yakanitoka. Nikajikuta namsimulia ile alasiri ya karai, jinsi nilivyosimama mlangoni.

"Alisema nini?" akauliza.

"Alisema, nakuomba usiingie."

Mikono yake ikaacha kusokota. "Mke wangu alikuwa akiwaambia wifi zake hivyohivyo," akasema. Kisha akauliza polepole, "Sasa hivi, tunapoongea, ananuka?"

Nikaona haya, lakini nikasema kweli. "Ananuka, Bwana Shem."

Akainuka, akakusanya mkonge wake. "Basi tunakawia kwa nini?"

Haleluya! Nasema, haleluya! Niliomba mtu, na huyu hapa mtu anafunga mzigo wake!

Lakini msifikiri mambo yalinyooka. Tulipofika Uyoma, Mzee alimtazama mara moja, akageuzia uso ukutani. "Mtu wa Nyakach," akasema, "hataona uchi wangu." Nilikuwa nje, nyuma ya ukuta, nasikia kila neno. Nikasema, yamekwisha.

Shem hakubishana. Alivuta kigoda akaketi karibu na mlango. Kisha akasema, "Mzee, mimi sikuja kukuosha. Wanaooshwa nyumbani ni watoto wachanga na maiti, na wewe si mmoja wao. Wanaume wa hapa wanaoga wapi?"

Nikasikia kigoda kikisogezwa karibu na kitanda.

"Nimekuuliza, Mzee. Mimi ni mgeni, nina vumbi la safari. Wanaume wa hapa wanaoga wapi?"

Mzee akajibu kwa shida, "Ziwani."

"Basi twende tukaoge."

Ninyi mliokulia ufuoni mnajua. Kule wanaume wana mahali pao pa kuoga, penye mawe, wanavua nguo wote, wazee na vijana, na hakuna aibu, ni wanaume tu na maji yao. Mzee Odera alioga pale tangu utoto. Tangu apooze, hakuwa ameliona ziwa. Hakuna aliyefikiri kumpeleka. Sisi sote tulifikiri habari ya karai!

Shem akamfunga blanketi, akainama, akambeba mgongoni. Nilijificha nyuma ya jiko kwa heshima, lakini nilichungulia, Mungu anisamehe. Niliona miguu mirefu ya Mzee ikining'inia karibu kugusa ardhi, na yule mtu mfupi akitembea polepole katikati ya njia, mchana kweupe, mbele ya kila mtu. Watu walisimama mashambani. Wengine walicheka. Mwanamke mmoja alishika kichwa akasema, "Jamani, wanampeleka kumtupa?"

Mimi sikuweza kufuata, mahali pale si pa wanawake. Nilisimama kwenye ua wa ojuok nikasikiliza. Kwanza nilisikia sauti za wanaume wa huko wakisalimiana. Kisha kimya. Nikatega sikio zaidi. Kisha, ndugu zangu, nikasikia kishindo cha maji, na baada ya kishindo, sauti ya Mzee Odera, safi kabisa, kama siku zile akiwa juu ya paa:

"Mpumbavu wewe! Unataka kuniua kabla sijala?"

Na ufuo mzima ukalipuka kwa kicheko! Shem alikuwa ameteleza kwenye jiwe, wakatumbukia wote wawili. Na yule mtu ambaye ulimi wake ulikuwa umefungwa, neno la kwanza kutoka wazi kinywani mwake lilikuwa ni tusi! Nilipiga magoti palepale nikamshukuru Mungu kwa lile tusi. Nimesikia nyimbo nyingi tamu kanisani, lakini sijui kama kuna uliowahi kunifurahisha hivyo.

Akarudi ananukia sabuni. Akawekwa juani juu ya mkeka. Siku hiyo alikula samaki wa ngege mzima, akabakiza mifupa tu.

Kuanzia hapo ikawa hivyo kila siku isipokuwa ya mvua. Wanaume wa ufuoni wakampangia mawe mahali pa kuegemea, pakawa ni mahali pa Mzee Odera. Ulimi wake ukawa unafunguka kidogo kidogo, ingawa mkono haukurudi kamwe. Paa lake lilikuwa linavuja, basi Shem akapanda juu na Mzee akalala chini kwenye mkeka anamwelekeza. Mngewasikia! "Siyo hivyo! Kaza hapo! Nyakach mnaezekea nini, viota?" Na Shem anajibu kutoka juu, "Mzee, panda basi uje ufanye mwenyewe!" Nilidhani atakasirika. Alicheka mpaka akakohoa.

Lakini adui halali. Maneno yakaanza. Watu wakasema, Zablon na mkewe wanalipa mtu ampende baba yao. Wakasema mshahara na upendo havikai nyumba moja. Na Mzee Obiero, mdogo wake Baba mkwe, akaanza kusema mambo ya chira. Alisema mgeni asiye wa ukoo kushika mwili wa mwenye boma kutaleta laana, watoto watakonda na kufa. Wapi alikuwa Mzee Obiero siku za nzi? Sikumuuliza. Mimi ni mke tu wa boma hilo.

Akaja mchana mmoja na wanaume wawili wa ukoo. Zablon yuko majini, nadhani upande wa Bukoba. Wakamkuta Shem anapasua kuni.

"Wewe mtu wa Nyakach," akasema Mzee Obiero, "jua lisizame ukiwa hapa. Ukoo huu una watu."

Shem akaniangalia. Nami ningesema nini mbele ya wakwe zangu? Nilipiga goti, nikasema, "Baba, tafadhali, ngojeni mwanenu arudi na meli." Akanipungia mkono ninyamaze. Shem akaweka shoka chini, akaingia kufunga mzigo wake bila neno. Nami moyoni nikawa nalia, Bwana, ulimleta wewe, na sasa anaondoka, je, nilikuwa naota?

Hapo tukasikia kitu kinaburuza. Tukageuka. Mzee Odera alikuwa anatoka ndani mwenyewe! Kwa kiwiko kimoja na goti moja, anajivuta juu ya sakafu, mpaka akafika kwenye kizingiti, vumbi usoni, anahema. Hakuna aliyemsaidia, tulikuwa tumeganda.

"Obiero," akasema.

"Ndugu yangu, rudi ndani, haya ni mambo ya—"

"Obiero. Mkono wangu ulikufa. Mungu amenipa mwingine kutoka Nyakach. Unaukata?"

Mzee Obiero akaangalia chini.

"Sawa," akasema Baba mkwe. "Ukate. Lakini mimi leo sijaoga. Njoo, unibebe. Inama."

Mzee Obiero alikuwa na tumbo, ninyi, na miguu myembamba.

"Inama, Obiero! Ukoo una watu, si umesema? Nibebe!"

Wale wanaume wawili aliokuja nao wakageuka kando, mabega yanatikisika kwa kicheko. Mzee Obiero alisimama pale. Kisha akavua kofia yake, akaishika mkononi, akasema kwa sauti ndogo, "Shem, mzigo huo ufungue." Akaondoka. Na kabla mwezi haujaisha yeye mwenyewe alikuwa anakuja asubuhi kuoga na ndugu yake, wanazozana kwenye mawe habari za ng'ombe wa zamani. Haikuleta chira. Ilileta ugomvi wa kaka na mdogo, na huo ni uzima!

Zablon aliporudi, alikwenda na Mzee na Shem kuoga ziwani. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, nikafikiri ni sabuni. Akaniambia, "Mama Akinyi, Shem amenionyesha namna ya kumshika. Leo nimemwosha baba mgongo." Basi, akaenda kukaa peke yake.

Mimi nilirudi Kisumu, nikafungua kibanda changu. Nilikuwa nakwenda Uyoma mara kwa mara na kurudi, na usiku nililala usingizi. Ninyi mnaolala kila siku hamjui kwamba usingizi ni zawadi! Mshahara wa Shem tulimpa kila Zablon alipotua bandarini, na hatukuona ni mzigo, wala hatukumwona Shem kama mtu aliyenunuliwa. Wanaosema mshahara na upendo havikai nyumba moja, mimi nimeviona vikikaa. Nimeviona vikila sahani moja.

Mzee Odera aliishi miaka mingi kuliko alivyofikiri yeyote kati yetu. Aliitika kwenye sala zetu za jioni, neno lake moja tu, "Amina," na akilisema mapema kabla ya sala kwisha tulijua ana njaa. Mwisho wake ulikuja asubuhi moja ya masika. Nilikuwa huko siku hiyo. Shem alikuwa anamnyoa ndevu nje, kwenye jua dogo. Akaja jikoni na wembe mkononi, amemnyoa upande mmoja tu.

"Mama," akasema, "Mzee ametulia."

Kisha akarudi, akamaliza upande wa pili. Hakutaka aondoke na nusu ya ndevu.

Kwenye mazishi kukatokea mnong'ono, huyu mgeni aketi wapi? Wengine wakasema nyuma, na wapishi. Mzee Obiero akainuka na kofia yake, akamshika Shem mkono mbele ya ukoo wote, akamketisha kando ya Zablon. "Akae hapa," akasema. "Hapa ndipo wanapokaa watoto wake." Hakuna aliyepinga.

Na Shem alilia. Yule mtu aliyeniambia hataki tena kuzoea mtu anayeondoka, alilia kuliko sisi. Nikaona uchungu, nikajiona ndiye niliyemwingiza katika huzuni hiyo. Watu walipotawanyika nikamwendea. Nikasema, "Bwana Shem, nisamehe. Ulinikatalia pale sokoni."

Akapangusa uso. Akasema, "Mama, ulidhani ulikuja Pap Onditi kumtafutia Mzee mtu. Mimi nilikuwa naketi pale kila siku nasokota, na hakuna aliyekuwa anajua kama niko hai. Mimi ndiye niliyetafutiwa mtu."

Ndugu zangu! Niliomba muujiza wa mkono, na Mungu akanitazama kwa huruma, akawajibu watu wawili kwa wakati mmoja. Sikujua. Nilidhani sala yangu fupi ilikuwa ya Mzee peke yake.

Shem hayupo hapa leo. Yuko Bondo, kwa mzee mwingine ambaye watoto wake wako kazini Nairobi. Waliposikia habari zake walikuja wenyewe kumwomba. Anasema huyu hapendi maji, anapenda kutembezwa kwenye kivuli na kusomewa Zaburi, na anakasirika ukiruka mstari.

Sasa nataka kusema na mtu mmoja hapa. Simjui, lakini najua yuko. Una mama au baba nyumbani, umefunga mlango ili majirani wasisikie harufu. Unaona haya kuomba msaada, kwa sababu watasema mtoto gani anaajiri mtu kumtunza mzazi wake. Umechoka, na unajilaumu kwa kuchoka. Dada, kaka, Mungu hakukasirikii kwa sababu una mikono miwili tu! Mwambie wazi, kama nilivyomwambia mimi nyuma ya nyumba. Akikuletea mtu, mpokee, mheshimu, mlipe vizuri, na umkalishe mezani pako.

Tukitoka hapa nitakuwa pale nje, penye mtungi wa maji. Sitakuuliza mengi. Njoo tu unishike mkono, uniambie mzazi wako anaitwa nani, na kesho asubuhi nitakwenda nawe nyumbani kwako. Mama Turfosa amesema atakuja pia, na mdomo wake ataufunga.

Utukufu ni wa Bwana, leo na siku zote. Nimemaliza, ndugu zangu. Asanteni kwa kunisikiliza.